Somo: Namna ya kuwafikisha wanawake wa Kilatino kwenye uchunguzi wa saratani kupitia promotora

Swali ni moja, na huniijia karibu kila wiki kutoka kwa ndugu zetu walioko Texas, Arizona, Ohio na hata Nairobi: "Dada, hao wanawake wa Kimeksiko mnawapataje mpaka wanakubali kwenda kupimwa?" Nimelijibu kwa simu, kwa ujumbe wa sauti na kwenye harusi za watu, na sasa nimechoka kurudia. Naliandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza kwenye somo hili.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Houston, na ni mhudumu wa afya ya jamii mwenye cheti cha jimbo la Texas. Nimefanya kazi bega kwa bega na promotora kwa miaka saba. Promotora ni mwanamke wa mtaa uleule anaowahudumia. Hakusomea uuguzi wala udaktari, lakini amefundishwa jambo fulani la afya, na jirani zake humwamini kuliko karatasi yoyote ya kliniki. Kwa Kihispania imani hiyo huitwa confianza, nalo ni neno utakalolisikia mara kumi kabla ya saa sita mchana.

Haja ya kazi hii ni kubwa. Hapa Marekani saratani ya matiti ndiyo inayoongoza kwa kuua wanawake wa Kilatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, Wameksiko wakiwemo, miongoni mwa saratani zote. Ya mlango wa kizazi huwapata kwa kiwango kikubwa kuliko wanawake wazungu wasio Walatino, ilhali ni ugonjwa unaoweza kuzuiwa kabla haujaota mizizi. Na njia hii imepimwa kitaalamu. Mpango uitwao AMIGAS ulijaribiwa Houston, El Paso na bonde la Yakima kwa wanawake 613 wenye asili ya Meksiko. Katika kundi lililopata huduma ya kawaida, asilimia 25 walisema baadaye kwamba wamepima Pap, yaani kipimo cha chembe za mlango wa kizazi. Katika kundi lililotembelewa na promotora mwenye video na bango kitita, yaani kurasa kubwa za picha zinazofunuliwa moja moja, walikuwa asilimia 52. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013.

Hatua ya 1: Tafuta wanawake ambao tayari wanaendewa. Uliza mtaani ni nani hupigiwa simu mtoto anapopata homa usiku. Huyo ndiye promotora wako, hata kama hana cheti.

Hatua ya 2: Wafundishe, na uwalipe. Texas hutaka saa 160 za mafunzo kwa anayetafuta cheti kwa njia ya darasa, na cheti chenyewe hakina ada. Juu ya hayo ongeza mafunzo ya saratani unayoishughulikia. Kumwomba mwanamke maskini ajitolee bure miaka nenda miaka rudi kwa ajili ya maskini wenzake si haki.

Hatua ya 3: Funga mwisho kabla hujaanza mwanzo. Hapa naomba msome polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea.

Mwaka wangu wa pili tuliandaa siku ya mamografia, yaani picha ya eksirei ya matiti, kwa gari la uchunguzi lililoegeshwa nje ya kanisa. Walikuja wanawake wengi, tukapiga picha za ukumbusho, nikarudi nyumbani nikiwa na furaha kubwa. Sikuwa nimemuuliza mtu yeyote maswali mawili: nani atampigia simu mwanamke atakayeonekana na tatizo, na nani atalipia vipimo vinavyofuata. Miezi minne baadaye nilimtembelea mama mmoja kwa jambo jingine kabisa, la chanjo ya mjukuu wake. Kwenye mlango wa friji, chini ya sumaku yenye umbo la embe, pamoja na bili ya maji, palikuwa na bahasha ya kile kituo cha picha, haijafunguliwa. Aliniambia alidhani ni tangazo au deni. Tulifungua pamoja. Barua ilikuwa ya Kiingereza, nayo ilimtaka arudi kupigwa picha za ziada kwa sababu za kwanza hazikutosha kutoa jibu. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1992 kuhusu ubora wa mamografia ndiyo msingi wa kila mwanamke kuandikiwa matokeo yake kwa lugha nyepesi ndani ya siku 30, na barua ile ilikuwa nyepesi kweli, ila kwa anayesoma Kiingereza. Aliporudi ikaonekana ni uvimbe wa maji tu. Lakini miezi ile minne ingeweza kuwa miezi ya saratani kukua, na mimi ndiye niliyemshika mkono nikampandisha kwenye gari lile.

Kwa hiyo, kabla ya kumwita mwanamke hata mmoja, pata kwa maandishi majibu ya mambo haya. Kituo gani kitapokea walioonekana na tatizo, na ni nani pale, kwa jina na namba ya simu. Matokeo yatatolewa kwa lugha gani. Nani atalipa. Kwa wasio na bima au wenye bima isiyotosha, kuna mpango wa taifa wa kugundua mapema saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi, uliotokana na sheria ya mwaka 1990. Unawalenga wenye kipato kisichozidi asilimia 250 ya kiwango cha umaskini, wa umri wa miaka 40 hadi 64 kwa matiti na 21 hadi 64 kwa mlango wa kizazi. Sheria nyingine ya mwaka 2000 iliruhusu majimbo kuwaingiza kwenye Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, wanaogunduliwa na ugonjwa kupitia mpango huo, lakini tahadhari: tiba hiyo hudai uraia au hadhi fulani ya uhamiaji. Kwa asiye na hadhi hiyo tafuta njia nyingine mapema, kwa mfano msaada wa malipo wa hospitali ya umma ya kaunti pale ulipo. Ukikosa njia yoyote, ahirisha siku ya uchunguzi. Ni afadhali watu wakulaumu kwa kuchelewa kuliko kumwambia mtu ana uvimbe kisha ukamwacha njiani.

Hatua ya 4: Mahali na saa. Sebuleni kwa mtu, ukumbi wa kanisa au sehemu za kufulia kwa sarafu, jioni baada ya kazi, na pawe na mtu wa kuangalia watoto.

Hatua ya 5: Mazungumzo yenyewe. Wenyewe huyaita plática, na kweli ni maongezi, si mhadhara. Wanawake sita hadi kumi wanatosha. Promotora huanza kwa kuuliza wanachokijua, na husikiliza hadi mwisho hata kikiwa si sahihi, kama imani kwamba jeraha la kugongwa titi huleta saratani. Kisha hufungua bango kitita, huonyesha mlango wa kizazi ulipo, na huwapitisha wanawake kifaa cha plastiki cha kupimia ili wakishike kwa mikono yao wenyewe. Nimeona kicheko kikubwa na uoga ukiondoka katika dakika ile kuliko katika saa nzima ya maelezo. Aibu, ambayo wao huiita pena, haiondoki kwa kukemewa. Huondoka promotora anaposema alivyojisikia siku alipopimwa yeye mwenyewe, na anapowaambia kwamba wana haki ya kuomba mhudumu mwanamke.

Umri wa kupima uutaje wazi. Mamografia ni kila baada ya miaka miwili kuanzia miaka 40 hadi 74, kwa mujibu wa mwongozo wa mwaka 2024. Kipimo cha Pap ni kila miaka mitatu kuanzia miaka 21. Kuanzia 30 hadi 65 mwanamke anaweza kuchagua kipimo cha HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, kila miaka mitano. Haya ni kwa mwanamke asiye na dalili. Mwenye uvimbe au anayetokwa damu isiyo ya kawaida asisubiri ratiba, aende kliniki mara moja.

Hatua ya 6: Miadi papo hapo. Usimwachie karatasi yenye namba ya simu. Piga simu mkiwa pamoja, andika tarehe, uliza usafiri, na kama anaogopa msindikize.

Hatua ya 7: Daftari. Andika namba yake na ya mtu mmoja wa karibu aliyekuruhusu umpigie, kwa kuwa laini za kulipia kabla hubadilika kila mara. Usifute jina la mtu mpaka umesikia kutoka kwake kwamba matokeo ameyapata na ameyaelewa. Daftari likae kabatini na lifungwe kwa ufunguo.

Maswali ya wanachama

Dada wa Dallas: Somo refu. Naomba unitumie tu orodha ya kliniki na hilo bango kitita, nina tukio Jumamosi.

Jibu: Dada, leo ni Alhamisi. Soma hatua ya 3, kisha uniambie ni nani atakayempigia simu mwenye tatizo. Ukinipa jina lake, nitakutumia bango leo hii.

Mwanafunzi wa uuguzi, Mbeya: Shikamoo dada. Kwa nini kazi hii asipewe muuguzi anayezungumza Kihispania? Si ana elimu zaidi, tena lugha anayo?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, umeuliza vizuri. Muuguzi huyo tunamhitaji sana, ila yuko kliniki, na mwanamke tunayemtafuta hajafika kliniki bado. Lugha nayo ni sehemu tu ya jambo. Promotora anajua kwamba wiki ya kuchuma mboga hakuna atakayekuja, anajua ni bwana yupi huuliza mke ameenda wapi, naye huonekana sokoni hata baada ya mradi kwisha. Mwanamke akimdanganya kwamba amepima, atakutana naye kesho yake kwenye foleni ya mikate. Kenya nao walichagua njia ya namna hiyo walipowapeleka wahamasishaji wa afya ya jamii kwa wingi mwaka 2023, kila mmoja akihudumia kaya za kwao.

Baba Imani: Kwa hiyo yule mama wa friji alikuwa na saratani au hakuwa nayo? Wanaoitwa tena wote si wagonjwa?

Jibu: Hakuwa nayo, nimeandika hapo juu. Na hapana: wengi wanaoitwa kupigwa picha za ziada hawana saratani. Promotora awaambie hivyo kabla ya kupima, ili barua ikija isiwatie kiwewe wakaificha.

Mkazi wa Phoenix: Je, mnawauliza karatasi za uhamiaji? Wengi huku wanaogopa kutoa hata jina.

Jibu: Hatuulizi, na akilitaja mwenyewe hatuliandiki popote. Sharti la mpango likidai hadhi fulani, tunamweleza sharti lilivyo, naye huamua mwenyewe kama aendelee. Akiuliza kama kutibiwa kutaharibu maombi yake ya ukaazi, promotora asijibu kwa kubahatisha, kwa maana kanuni hizo hubadilika. Ampeleke kwa wakili wa uhamiaji anayehudumia bila malipo. Jibu la kubahatisha linaweza kuvunja nyumba ya mtu.

Mama Riziki, Columbus: Kwetu binti yangu wa miaka kumi na mbili ndiye hututafsiria wote. Hao Walatino si wafanye hivyo tu?

Jibu: Wasifanye hivyo, na wewe mama yangu naomba uache. Kituo kinachopokea fedha za shirikisho kinatakiwa kumpatia mgonjwa mkalimani bila malipo, na kanuni zinakataza kumtegemea mtoto isipokuwa kwa dharura. Mtoto hapaswi kuwa wa kwanza kulisikia neno saratani likimhusu mama yake, wala mama hawezi kueleza mambo ya ukeni mbele ya mwanawe. Sema unataka mkalimani tangu unapoomba miadi.

Mkimbizi wa zamani, Louisville: Asante kwa somo. Mimi ni Mbembe kutoka Fizi, Kongo. Hapa tukiandikiwa Kiswahili watu hudhani kazi imekwisha, kumbe bibi zetu Kiswahili chenyewe wanakisikia nusu. Je, kwa Walatino hali hiyo ipo?

Jibu: Ipo, ndugu yangu, nami nimefurahi umeliona. Wako wanawake kutoka Guatemala ambao lugha yao ni Kimam au Kik'iche', na wa Oaxaca huko Meksiko wanaosema Kimixteco, na Kihispania kwao ni lugha ya sokoni. Hukubali kila kitu kwa kutikisa kichwa, na hiyo ndiyo dalili. Sisi humwomba mwanamke aturudishie kwa maneno yake mwenyewe alichokisikia. Akishindwa, twajua tumtafute promotora wa lugha yake. Kwa bibi zenu fanyeni vivyo hivyo, na anzeni na yule anayewasuka nywele.

Fundi cherehani, Houston: Nyongeza ndogo: siku ya mamografia wanawake wavae blauzi na sketi, si gauni, maana huvua juu tu.

Jibu: Ahsante sana, nilisahau. Tena wasipake diodoranti wala poda makwapani asubuhi hiyo, kwa sababu chembe zake huweza kuonekana kwenye picha kama vidoa vyeupe vya kutiliwa shaka. Kwa Pap, siku mbili kabla mwanamke asioshe ndani ya uke, asiweke dawa humo na asikutane kimwili.

Mwanafunzi wa uuguzi, Mbeya: Na yule ambaye aibu haimwachii kabisa, hata akiahidiwa mhudumu mwanamke?

Jibu: Siku hizi ana njia. Mei 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mwanamke ajichukulie mwenyewe sampuli ya HPV akiwa kituoni, na Mei 2025 ikaidhinisha kifaa cha kwanza cha kutumia nyumbani. Nina mama wa miaka 58 ambaye alikuwa hajapimwa tangu azae mtoto wake wa mwisho. Aliingia chooni na kijiti kile, akatoka baada ya dakika tano, akaniuliza kama ndiyo kwisha. Jina lake bado liko kwenye daftari, kwani majibu yanatoka Jumanne, na nimemwahidi tutayasoma pamoja.