Kupima kingamwili za saitokini za nguruwe kabla ya kuziamini

Mfugaji wa nguruwe Uganda haitaji kuelezwa homa ya nguruwe ya Afrika ni nini. Asubuhi zizi limejaa, baada ya wiki ni tupu. Sisi wa maabara tunataka kujua seli za kinga za mnyama huyo ziliambizana nini kabla hajafa au kupona. Lugha yao ni saitokini, protini ndogo ambazo seli hutumiana kama ujumbe, na ili tuisikie tunahitaji kingamwili, yaani protini za kushika kitu mahususi, zinazozitambua saitokini za nguruwe kwa hakika.

Hatua ya 1: Soma karatasi ya bidhaa kabla ya kuagiza

Tafuta mambo matatu: kloni (jina la ukoo wa seli uliotoa kingamwili hiyo), aina ya mnyama ambaye imethibitishwa kumtambua, na kipimo kilichotumika. Neno "nguruwe" peke yake halitoshi. Kingamwili inayofanya kazi kwenye Western blot, kipimo cha protini zilizotenganishwa kwa ukubwa, huona protini iliyokunjuliwa, na inaweza kushindwa kabisa kwenye ELISA, kipimo cha rangi kwenye kisahani ambapo kingamwili moja hunasa saitokini na ya pili huigundua. Kwa saitokini iitwayo interferoni gama, jozi ya P2G10 ya kunasa na P2C11 ya kugundua, yenye kishikizo cha biotini, imetumika sana kwenye ELISPOT, kipimo kinachohesabu seli zinazotoa saitokini. Kwa saitokini nyingine, TNF-alfa, kloni MAb11 ilitengenezwa dhidi ya protini ya binadamu, lakini inashika ya nguruwe pia. Usidhani nyingine za binadamu zitafanya hivyo. Kila moja ijaribu.

Hatua ya 2: Pokea na ugawe siku hiyohiyo

Mzigo ukifika kutoka uwanja wa ndege wa Entebbe, hakikisha bado una baridi. Zisizo na rangi zigawe kwenye vichupa vidogo, kama karatasi yake inaruhusu kugandishwa, ili usigandishe na kuyeyusha kichupa kimoja mara kwa mara. Zenye rangi ya kung'aa zikae nyuzi 4, gizani, na zisigandishwe kamwe. Umeme ukikatika usifungue friji.

Hatua ya 3: Tafuta kiasi kinachofaa

Kwenye kisahani cha vishimo 96, punguza kingamwili ya kunasa kwa safu: mikrogramu 4, 2, 1 na 0.5 kwa mililita. Ya kugundua ipunguze kwa upande wa pili, ili kila kiasi kikutane na kila kingine. Chagua mahali ambapo vishimo vyenye saitokini vina rangi nzito na vitupu vimebaki vyeupe, hata kama si pale penye rangi kali kuliko kote. Simamisha mmenyuko wa rangi kwa asidi, kisha soma rangi kwa mwanga wa nanomita 450.

Angalia bufa zako, yaani miyeyusho ya kuoshea na kupunguzia. Niliwahi kupata kisahani kizima cheupe, hata vishimo vya protini sanifu, yaani saitokini ya kununua yenye kiasi kinachojulikana. Nilipoteza siku mbili nikiilaumu kingamwili, kumbe bufa ya kuoshea ilikuwa na sodiamu azidi, kemikali ya kuzuia vijidudu, na azidi huua peroksidesi, kimeng'enya kinachotoa rangi. Tangu siku hiyo kila chupa ya azidi kwetu ina mstari mwekundu.

Hatua ya 4: Jaribu kwa saitokini iliyotoka kwa nguruwe mwenyewe

Wengi huruka hapa, nami nakusihi usiruke. Protini sanifu mara nyingi hutengenezwa na bakteria, haina sukari ambazo seli ya nguruwe huipachika. Kingamwili inaweza kuipenda hiyo na kuikataa ya kweli.

Chukua damu ya nguruwe mwenye afya, yenye heparini ya kuizuia isigande. Machinjio ya Wambizzi, Kampala, ni mahali pazuri pa kuomba. Usiiweke kwenye barafu; ifikishe maabara ndani ya saa chache. Tenga seli nyeupe kwa Ficoll, kimiminika chenye msongamano wa 1.077, kisha zigawe: kundi moja lipe konkanavalini A, kichocheo cha kuzifanya zitoe saitokini, jingine liache bila kitu. Kesho yake, pima majimaji ya juu ya makundi yote mawili. Tofauti isipoonekana, usiguse sampuli zako za utafiti bado.

Ukihamia kwenye saitometria, kipimo cha kuchunguza seli mojamoja kwa mwanga, usishtuke kuona seli T zenye alama za CD4 na CD8 kwa pamoja. Kwa nguruwe ni kawaida, nyingi ni seli za kumbukumbu, zilizokwisha kukutana na kimelea.

Hatua ya 5: Damu ya nguruwe mgonjwa

Virusi vya homa hii havimdhuru binadamu, lakini tone kwenye buti lako linatosha kumaliza zizi la jirani. Badilisha buti getini, funga sampuli mara mbili, na usipitie shamba jingine siku hiyo. Boda boda anayekubebea kisanduku naye umwambie kilichomo.