Kulinganisha ukosefu wa ajira wa nchi mbili: anza na dodoso

Nimechakata madodoso ya nguvukazi kwa miaka mingi, na makosa ninayoyakuta mara nyingi hayako kwenye kugawanya. Yako kwenye nani kahesabiwa.

Hatua ya 1. Jua takwimu imetoka wapi. Ni utafiti wa kaya au daftari la ofisi ya ajira? Ujerumani hutoa zote mbili. Kwenye daftari, anayefanya kazi chini ya saa 15 kwa wiki bado anaweza kuhesabiwa hana ajira. Kwenye utafiti, saa moja ya kazi ya malipo inamwondoa. Linganisha utafiti kwa utafiti.

Hatua ya 2. Pitisha kila mtu kwenye maswali matatu ya Shirika la Kazi Duniani (ILO). Je, wiki iliyopita hakufanya kazi ya malipo au faida hata saa moja? Je, alitafuta kazi katika wiki nne zilizopita? Je, yuko tayari kuianza karibuni? Akikosa sharti moja, kwa kawaida si "asiye na ajira".

Swali la pili ndilo linaloniumiza. Aliyezunguka mwaka mzima akachoka, akaacha kutafuta, anatoka kwenye kiwango kabisa. Chukua mfano wa watu 1,000: 560 wanafanya kazi, 40 wanatafuta, 60 wanataka kazi ila wamekata tamaa, 340 hawahitaji. Kiwango rasmi ni 40 kugawanya kwa 600 (wanaofanya kazi na wanaotafuta), yaani asilimia 6.7. Waingize wale 60 juu na chini: 100 kwa 660, asilimia 15.2. Watu ni walewale. Afrika Kusini huchapisha kiwango rasmi na kile kilichopanuliwa, visome vyote.

Hatua ya 3. Kagua umri na maana ya "kutafuta". Marekani huanzia miaka 16, Eurostat (ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya) hutumia 15 hadi 74. Kusoma matangazo ya kazi tu kunatosha Kanada, Marekani hakutoshi.

Hatua ya 4. Angalia mwaka wa kigezo. Tangu mkutano wa wanatakwimu wa kazi wa 2013, anayelima hasa kwa chakula cha kaya yake hahesabiwi tena kuwa ameajiriwa. Penye wakulima wengi wa namna hiyo, idadi ya walioajiriwa hushuka ghafla bila mtu kupoteza kazi. Ukiona mruko wa aina hiyo kwenye grafu, usiuunganishe kwa mstari. Ukate hapo, uandike mwaka nchi ilipobadili dodoso.