Wanaotafuta urani wakifika bondeni kwenu, anzeni na maji

Ndugu zangu wa Bahi, Manyoni na vijiji vya jirani, wengi tunashtuka mashine ya kuchoronga ishasimama shambani, na hapo mmeshachelewa.

Kwanza elewa kwa nini wanakuja mbugani. Miamba ya granaiti ya huko juu ina urani, madini yenye mionzi, kidogo kidogo, mvua inaiyeyusha, maji yanashuka nayo mpaka bondeni ambako hayana pa kutokea, jua linakausha, urani inabaki kwenye udongo na mawe ya chokaa, mita chache tu chini ya pale mnapolima mpunga. Kule Mto Mkuju, Namtumbo, ni tofauti, urani iko ndani ya miamba ya mchanga.

Sasa kabla shimo la kwanza halijachorongwa, pimeni maji. Kila kisima, kila bomba, kila lambo. Chukua chupa safi, isuuze kwa maji yale yale, jaza, andika tarehe na jina la kisima, piga na picha. Maabara waambie wazi mnataka urani ipimwe, maana vipimo vya kawaida vya chumvi na vijidudu haviioneshi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi maikrogramu 30 kwa lita. Bonde kama hili linaweza kuwa na urani ya asili majini toka zamani, kwahiyo bila kipimo cha mwanzo ikija kuonekana baadae watawaambia ni ya asili na hamtakuwa na cha kujibu. Hili ndo kubwa kuliko yote nnayosema hapa.

Leseni waombe namba, muiangalie kwenye ramani ya Tume ya Madini mtandaoni, na mjue leseni ya utafutaji sio ya uchimbaji. Sheria ya Madini ya 2010 inataka ridhaa ya maandishi ya mwenye eneo wakiingia ndani ya mita 200 za nyumba au 50 za shamba lililolimwa, basi msisaini haraka, ipite mkutano mkuu wa kijiji iandikwe kwenye muhtasari.

Vijana mtakaobeba sampuli, hatari kubwa ni vumbi kuingia kifuani na tumboni. Daini barakoa na beji ya kupima mionzi, naweni kabla ya kula, nguo za kazi zisifike nyumbani. Mashimo yafukiwe na mabaki yaondolewe kabla hawajahama.

Halafu visima vile vile mvirudie kila mvua zikiisha na kila kiangazi kikikolea, majibu yote yakae ofisi ya kijiji na nakala shuleni.