Mchwa: ya kufanya kabla mvua ya kwanza haijanyesha Kusini

Mtwara na Lindi mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Ardhi ikishalowa, mchwa husogea karibu na uso wa udongo. Kwa hiyo kazi ya kuikinga nyumba ni ya Septemba na Oktoba, kabla korosho hazijawamaliza watu muda wote. Udongo ukishashiba maji, dawa hainyweki tena, inatiririka tu.

Mchwa wengi wanaokula nyumba huishi ardhini, na miili yao hukauka upesi kwenye hewa kavu. Ndiyo maana hujenga vijia vya udongo, vyenye unene wa penseli hivi, kutoka chini hadi kwenye fremu na kenchi. Shabaha yako ni kuwanyima maficho. Ufa wa milimita 1 kati ya sakafu na ukuta unawatosha kupita, na wakipitia humo hutawaona mpaka fremu ya mlango ibaki ganda.

Kagua kwanza. Zunguka msingi ukiwa na tochi, ndani na nje, kisha gonga fremu kwa mpini wa bisibisi. Mbao iliyoliwa hulia kama debe tupu. Ukikuta kijia, kivunje katikati na urudi baada ya siku 2 au 3. Kikiwa kimezibwa, njia inatumika. Kisipozibwa, usijipe moyo, huenda wamehamia ufa mwingine. Ukiona chembe ngumu kama mchanga chini ya mbao, bila kijia chochote, hao ni mchwa wa mbao kavu. Makao yao ni ndani ya mbao yenyewe, na dawa ya ardhini haiwagusi. Mbao hiyo ing'olewe. Unga laini ni kazi ya bungua.

Kisha safisha ukanda wa nusu mita kuzunguka nyumba: majani, makuti ya zamani, mabaki ya mbao za kumwagia zege. Kuni zisiegemezwe ukutani. Magunia ya korosho na mahindi yakae juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta. Maji ya bati yasidondokee msingini, kwani unyevu ndio unaowavuta.

Dawa ndiyo sehemu inayoharibiwa zaidi. Watu hujaza bomba la mgongoni la lita 16, wakapuliza juu juu nyumba nzima, wakaridhika. Haifiki popote. Chimba mfereji kandokando ya ukuta, upana sentimita 15 na kina sentimita 30, lakini usivuke chini ya msingi. Kipimo cha kawaida cha dawa iliyokwisha kuchanganywa ni lita 5 kwa kila mita ya urefu kwa kina hicho. Nyumba ya mita 8 kwa 7 ina mzunguko wa mita 30, hivyo inataka lita 150. Mimina nusu mferejini kwa keni, na nusu nyingine changanya na udongo unaorudisha, tabaka kwa tabaka. Ukiacha pengo hata moja, watapita hapo hapo. Udongo ukiwa mkavu kabisa, ulowanishe kidogo siku moja kabla.

Nunua dawa ya mchwa yenye fiproni au imidaklopridi, iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, na fuata kipimo cha lebo. Vaa glavu za mpira, mabuti na barakoa. Watoto na kuku wakae mbali hadi pakauke. Karibu na kisima usimwage kabisa. Salfa iliyobaki shambani haina kazi hapa: inatibu ubwiriunga, ambao ni ukungu wa mikorosho, wala haiui mchwa.

Nyumba ya miti na udongo ndiyo yenye shida kubwa, kwa sababu nguzo zimezikwa. Nguzo mpya ilowekwe kitako kwa siku kadhaa katika dawa ya mbao, mpaka sentimita 30 juu ya usawa wa ardhi. Kupaka kwa brashi hakuingii ndani. Mafuta ya maganda ya korosho ni kinga nzuri ya mbao, ila yanababua ngozi vibaya, basi usiyashike bila glavu. Oili chafu inasaidia kwa muda tu, na inachafua udongo.

Mvua ikianza, kagua kila mwezi. Kumbikumbi wanaofuata taa kutoka nje si dalili ya hatari. Wakichomoza sakafuni, au ukakuta mabawa yamerundikana kila mara chini ya ukuta uleule wa ndani, kundi liko chini ya nyumba, na hapo sakafu itobolewe ili dawa iingie. Na kumbikumbi wanaotoka kwenye udongo uliotiwa dawa wasiokotwe kuliwa, hata kidogo.