Laptopu ya Linux imeng'ang'ania 1024x768: tafuta chanzo kabla ya kulazimisha

Laptopu ya mtumba ya inchi 14 mara nyingi ina kioo cha pikseli 1366x768. Ukishaiwekea Ubuntu au Mint, halafu ikawaka na herufi nene zilizovutwa kwa upana na duara linaonekana kama yai, basi iko kwenye 1024x768. Ukifungua mipangilio ya skrini unakuta chaguo ni hilo moja tu.

Wengi hukimbilia kubandika amri za xrandr, programu ya terminali inayopanga vipimo vya skrini. Zina mahali pake, lakini kwa kioo cha laptopu yenyewe ni nadra kuhitajika. Kila kioo kina kumbukumbu ndogo iitwayo EDID, yenye baiti 128 au zaidi, inayoiambia kadi ya video vipimo vyake. Kama kompyuta haivijui, ama draiva (programu inayoendesha kadi hiyo) haifanyi kazi, ama taarifa zimekwama njiani. Anza na draiva.

Fungua terminali, andika:

cat /proc/cmdline

Soma mstari mzima. Ukikuta neno nomodeset, umempata mchawi. Neno hilo linaikataza kerneli (kiini cha Linux) kumwachia draiva kazi ya kupanga skrini, hivyo unabaki na picha ya dharura iliyowekwa na BIOS, programu ya msingi ya mashine. Linaingia kwa njia mbili. Ya kwanza, aliyeweka mfumo alianza na chaguo la usalama wa picha, na neno likabaki humo. Ya pili inawapata sana wenye laptopu ambazo betri imekufa: umeme unakatika, mashine inazimika ghafla, ikiwashwa inaleta menyu ya GRUB (programu inayoanzisha Linux), mtu anachagua recovery mode kisha resume. Ukipita njia hiyo unaingia na nomodeset. Hapo hakuna cha kutengeneza; washa upya kwa njia ya kawaida.

Kama linarudi kila ukiwasha, fungua faili la GRUB:

sudo nano /etc/default/grub

Tafuta mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, na ule wa GRUB_CMDLINE_LINUX ulio chini yake. Futa nomodeset peke yake. Quiet splash viache. Hifadhi kwa Ctrl+O na Enter, toka kwa Ctrl+X, kisha:

sudo update-grub

Watu husahau amri hii ya mwisho, wakawasha upya na kuona hakuna kilichobadilika. Skrini ikiwa nyeusi baada ya hapo usiogope: ita menyu ya GRUB (Shift kwenye mashine za zamani za BIOS, Esc kwenye mpya za UEFI), bonyeza e, nenda mwisho wa mstari unaoanza na linux, rudisha nomodeset, bonyeza F10. Itawaka mara hiyo moja tu, nawe utajua draiva yenyewe ndiyo mbovu.

Draiva inakaguliwa hivi:

lspci -nnk | grep -A3 VGA

Kwa Intel unategemea kuona "Kernel driver in use: i915", kwa AMD ni amdgpu au radeon, kwa Nvidia ni nouveau au nvidia. Mstari huo usipokuwepo, draiva haijapakiwa. Za Intel na AMD huja na kerneli yenyewe; kwa Nvidia kwenye Ubuntu tumia sudo ubuntu-drivers install. Mint ina programu yake ya draiva kwenye menyu. Huna intaneti ya waya? Chomeka simu kwa USB, washa tethering, lakini zima kwanza masasisho mengine yasije yakamaliza bando.

Sasa projekta, na hapa ndipo xrandr inapofaa. Iwe ni kuwasilisha ripoti ya fildi pale UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) au kikao katika ofisi za serikali za Mtumba, Dodoma, waya ukiwa wa VGA shida ni zile zile. Chomeka, kisha:

cat /sys/class/drm/card*-VGA-1/edid | wc -c

Jibu likiwa 128 au 256, taarifa zimefika. Likiwa 0, zimekatikia kwenye waya. Chomoa plagi uitazame kwa tochi ya simu: pini 15, safu tatu za tano tano. EDID hupita kwenye pini ya 12 na ya 15, zote safu ya tatu. Iliyopinda inyooshe taratibu kwa ncha ya kibano; iliyovunjika, badilisha waya. Pini ya 9, safu ya kati, haimo kwenye waya nyingi tangu kiwandani, hiyo isikutishe. Vumbi la Dodoma nalo halina huruma kwa tundu lisilofunikwa. Lisafishe kwa brashi laini kavu kabla ya kulaumu mfumo.

Kama waya mwingine haupatikani na projekta ni ya 1280x800, mpe vipimo mwenyewe:

xrandr --newmode "1280x800_60.00" 83.50 1280 1352 1480 1680 800 803 809 831 -hsync +vsync
xrandr --addmode VGA-1 "1280x800_60.00"
xrandr --output VGA-1 --mode "1280x800_60.00"; sleep 20; xrandr --output VGA-1 --mode 1024x768

Hiyo sleep 20 ni kinga: projekta ikikataa, picha inarudi yenyewe baada ya sekunde 20. Ikikubali, rudia bila mkia huo. Namba hizo hutolewa na amri ya cvt 1280 800. Vipimo vingine viulize huko huko, usibuni. Jina VGA-1 liandike kama xrandr inavyolionyesha kwako.

Amri zikigoma zote, andika echo $XDG_SESSION_TYPE. Jibu likiwa wayland, yaani mfumo mpya wa kuchora skrini, xrandr haina mamlaka; inafanya kazi kwenye ule wa zamani, Xorg. Kwenye Ubuntu 22.04 na 24.04, toka, bofya jina lako, kisha gurudumu lililo kona ya chini kulia, uchague Ubuntu on Xorg.

Vipimo hivi hufutika ukizima. Mistari ya newmode na addmode iweke kwenye faili ~/.xprofile, itasomwa kila unapoingia.

Na ukionyesha picha moja pande zote mbili kwenye projekta ya 1024x768, kioo cha laptopu nacho kitashuka hadi hapo. Si ubovu, mfumo umechagua kipimo ambacho zote mbili zinakiweza. Kukibakiza kioo chako (hapa kinaitwa eDP-1) kilivyo:

xrandr --output eDP-1 --mode 1366x768 --output VGA-1 --mode 1024x768 --scale-from 1366x768 --same-as eDP-1

Ukutani picha itabanwa kidogo kwa upana, ila slaidi yote itaonekana.