Mzigo wa lori huibwa kwa simu: namna ya kujilinda ukiwa Tanga

Wenye malori wengi hapa Tanga wakisikia wizi wa mzigo huwaza majambazi wa usiku. Wapo, lakini mwizi mjanja hana haja ya panga. Anapiga simu, anajiita dalali, na gari lako linampelekea mzigo lenyewe. Kwa hiyo hatua ya kwanza hapa ndiyo ndefu kuliko zote. Nimemlenga mwenye gari mbili tatu anayebeba saruji ya Pongwe, mbolea au makontena ya bandarini.

Hatua ya 1: Mjue anayekupa mzigo

Usianze na bei. Chukua jina la kampuni, kisha ulitafute mwenyewe kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Ukilikuta, usitulie bado, kwa sababu tapeli hutumia jina la kampuni halali na karatasi zake zinaweza kuwa safi kuliko zako. Mpigie mwenye mzigo, ila si kwa namba aliyokupa dalali. Itafute kwenye bango la ghala, kwenye risiti ya zamani au kwa mtu aliyewahi kuwabebea, kisha uliza: "Huyu mnamfahamu? Mzigo huu mmempa nyinyi?"

Dalali akikuharakisha, "meli inashusha, gari iingie sasa hivi", ndipo uzidi kwenda polepole. Tanga ni mji wa waja leo waondoka leo. Dalali wa namna hii anakuja leo, anaondoka leo, na mzigo juu. Akitaka umtumie hela "ya kushika mzigo", mazungumzo yameisha. Ujumbe wake utume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Jina lako nalo linaibwa. Mtu anaokota picha ya kadi ya gari na leseni yako ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) kwenye kundi la WhatsApp, anabandika namba zako kwenye lori jingine, anakwenda kupakia. Kila nakala unayotuma iandike juu yake anayetumiwa, tarehe na mzigo wenyewe. Gari kabla halijafika, mpe mtu wa ghala jina la dereva, namba ya leseni yake, namba ya kichwa na ya trela. Kimoja kisipolingana, asipakie.

Hatua ya 2: Wakati wa kupakia

Dereva ahesabu mwenyewe. Tani 30 za saruji ni mifuko 600 ya kilo 50, na mfuko hauna alama ya mwenyewe: ukishashushwa njiani, umeshauzwa. Juu ya turubai pitisha waya mmoja kwenye vitundu vyote, ncha zikutane kwenye sili moja. Kamba hufunguliwa ikafungwa tena, usijue.

Kontena lina herufi 4 na tarakimu 7, ya mwisho ikiwa ndani ya kiboksi. Zilinganishe na hati ya mzigo. Sili iwe ya boliti yenye herufi H, daraja la juu kabisa la ISO 17712, kiwango cha kimataifa cha sili za makontena. Itazame, soma namba, ivute, izungushe. Halafu kagua ribiti za komeo la mlango. Wezi huzing'oa, wakafungua mlango sili ikiwa nzima, wakaweka nyingine na kuzipaka rangi. Ukiona rangi mpya kwenye ribiti peke yake, usiondoke. Piga picha kila kitu.

Hatua ya 3: Barabarani

Chora njia kwenye mfumo wa GPS. Ukifika Segera, gari la Arusha linakata kulia kwenda Korogwe, la Dar kushoto kwenda Chalinze. Likikata kusiko, simu yako ilie. Vifaa vya kuziba mawimbi vipo, kwa hiyo GPS ikinyamaza ghafla gari likiwa linatembea, mpigie dereva, kisha utingo, papo hapo.

Tunza karatasi za mizani. Lita 100 za dizeli zina kama kilo 84. Mizani hupishana kidogo, lakini uzito ukipungua kilo 500 na gari limechoma lita 100 tu, uliza mifuko minane imekwenda wapi.

Posho ya safari itoke kabla ya safari. Dereva mwenye njaa atauza dizeli, na mnunuzi wa dizeli yake leo ndiye atakayemuuliza kesho amebeba nini.

Hatua ya 4: "Ghala limejaa, shusha kule"

Simu hii humfikia dereva akiwa karibu kufika, amechoka. Mpigaji anajua namba ya gari, mzigo na jina la bosi. Agizo liwe moja: dereva habadilishi mahali pa kushushia kwa simu ya yeyote, hata anayejiita wewe. Anakupigia kwa namba aliyoizoea, na wewe unampigia mwenye mzigo kwa ile namba ya hatua ya 1. Mpaka hapo, gari halizimwi wala turubai haliguswi.

Hatua ya 5: Baada ya kushusha

Hati ya mzigo irudi na jina, saini na muhuri wa aliyepokea, picha yake ikufikie kabla gari halijatoka getini. Upungufu uandikwe humo humo.

Bima ya gari hailipi mzigo. Kata bima ya mzigo, na kabla ya kulipa usome inasemaje gari likiachwa bila mtu, au mwizi akiwa dereva wako mwenyewe. Mzigo ukipotea, nenda kituo cha polisi kilicho karibu, chukua RB (namba ya taarifa yako polisi), na uwaarifu watu wa bima siku hiyo hiyo kwa maandishi.