Kabla ya kuuliza bei ya mche, chimba shimo

Wanaofika kitaluni kwangu hapa Muheza wengi huniuliza, "Mama, una mche gani mzuri?" Nami huwauliza shamba liko wapi, na mvua ikinyesha maji yanakaa muda gani. Mwenye mchanga wa Pangani, mwenye kiwanja chini ya miti mikubwa ya Amani, na mwenye bonde ambalo matope yake hayakauki mpaka masika yaishe kabisa, hawawezi kuondoka na mche wa aina moja.

Kwa hiyo anza na shimo. Chimba kina cha sentimita 60 hivi, jaza maji, acha yanywewe, kisha jaza tena jioni. Asubuhi ukikuta maji bado yametuama, mparachichi, mpapai na msaji usiviweke hapo. Mparachichi ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu watu huuua huku wakiuhangaikia. Mizizi ikikosa hewa, kuvu wa udongoni huiozesha. Majani yananyong'onyea na kugeuka njano, matawi yanakauka kuanzia nchani. Mwenye mti anadhani una kiu, anaongeza ndoo ya maji, na hapo ndipo anaumaliza. Mahali pa namna hiyo panda mzambarau. Huo huvumilia maji kuliko miti mingi ya matunda tuliyo nayo.

Kisha chukua udongo wa ndani ya shimo, si wa juu, uuloweshe na kuuviringisha viganjani. Usiposhikana kabisa ni kichanga. Ukiviringika lakini ukakatika unapoukunja, ni tifutifu, na una bahati. Ukikunjika mpaka ukawa pete bila kupasuka, ni mfinyanzi. Mweusi unaopasuka nyufa kiangazi ni wa mbuga, na zile nyufa hukata mizizi midogo. Huko migunga ya kienyeji hustahimili, mchungwa utakutesa.

Kichanga wengi hukidharau bure. Mkorosho na mnazi hukipenda, na pale karibu kabisa na bahari, penye upepo wa chumvi, mvinje husimama vizuri na kujitafutia naitrojeni kwa msaada wa bakteria waliomo mizizini. Mchungwa nao hufaa kwenye kichanga chenye kina, ila uliza umebebeshwa, yaani umeunganishwa, juu ya shina la mti gani. Shina la mlimau, ambalo ndilo la kawaida huku, huenda vizuri kwenye mchanga lakini halipendi unyevu uliozidi. Jirani yako mwenye kichanga akikusifia michungwa yake, usikimbilie kuipanda bondeni kwako.

Mwanga nao usiukisie. Nenda kiwanjani saa tatu asubuhi, saa sita na saa kumi jioni, uangalie kivuli kinaangukia wapi. Kumbuka pia kwamba jua letu linahama: mwezi wa Juni liko upande wa kaskazini, kwa hiyo kivuli cha nyumba huangukia kusini, Desemba mambo hugeuka. Mahali palipo wazi leo panaweza kuwa kivulini nusu ya mwaka.

Penye jua kutwa weka mwembe, mkorosho, mchungwa au msaji. Msaji ukiupanda chini ya miti mingine hudumaa tu. Penye kivuli chepesi ndiyo nafasi ya mbuni, mkakao, mdalasini, na mkarafuu ukiwa bado mdogo. Huku Amani mkarafuu mchanga hupandwa karibu na migomba, kisha migomba hupunguzwa kadiri mti unavyopata nguvu. Mkangazi nao naushauri upandwe umechanganywa na miti mingine, kwa sababu ukiwa peke yake juani kuna kiwavi anayetoboa ncha yake, na mti unabaki na matawi mengi badala ya shina moja la mbao. Mvule vilevile: miche yake ikipandwa peke yake mahali wazi hushambuliwa na mdudu anayeacha vivimbe kwenye majani na machipukizi.

Mkaratusi karibu na chemchemi sikuuzii, hata ukiongeza bei. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 za kulinda vyanzo vya maji, na maji ya kijiji kizima ni muhimu kuliko nguzo zako.

Sasa ndipo uchague mche. Usivutwe na mrefu kuliko yote. Tafuta wenye shina nene, majani yenye rangi inayofanana, na urefu unaolingana na kiriba chake, yaani mfuko wa plastiki uliooteshewa. Inua kiriba: kama mzizi mkubwa umetoboa na kuingia ardhini, utakatika unapoung'oa. Ukinunua miche mingi, omba kiriba kimoja kichanwe mbele yako. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Unataka kuona vinywele vyeupe vya mizizi vimeshika udongo. Mzizi mkuu ukiwa umejiviringa chini kama springi, achana na kundi hilo lote. Mti hauwezi kujinyoosha baadaye, na ukishakuwa mkubwa unaweza kuangushwa na upepo.

Kwa uliobebeshwa, kagua kiungo: kimeshikana, kiko juu ya udongo, na nailoni iliyokifunga imeshatolewa. Chipukizi lolote chini ya kiungo likatwe, la sivyo utakuja kuvuna malimau. Uliza pia kama mche umeshazoeshwa jua. Uliotoka kivulini moja kwa moja huungua majani.

Ukifika nyumbani, uweke penye kivuli chepesi, umwagilie asubuhi, na usubiri mvua iloweshe udongo hadi kina cha shimo, si vumbi la juu tu. Siku ya kupanda, chana kiriba chote na ukitoe. Wengine hutoboa chini wakaacha plastiki shimoni, mizizi ikabaki imebanwa humo.